Imeingia Hadi Wapi? Mhadhara kuhusu programu za kupeleleza zinazokuja na kompyuta

Habari za mchana. Shikamooni wakubwa wangu mliokaa mbele. Vijana mliosimama mlangoni, sogeeni ndani, viti bado vipo.

Nimeombwa nizungumzie programu zinazojificha kwenye kompyuta na kumfuatilia mtumiaji, na namna ya kuzitoa. Mafundi mliomo humu mnaijua hali hii: mteja anafika dukani, anaweka laptopu mezani, anasema, "Inaniletea matangazo ya ajabu ajabu, hebu nitolee." Unatoa, analipa, anaondoka. Leo nataka tukae na swali linalotangulia hilo la kutoa: kitu hiki kimeingia hadi wapi? Usipojua kina chake, utatoa kinachoonekana tu, na mara nyingi kinachoonekana ndicho chenye madhara kidogo.

Historia yenyewe tuipite haraka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana duniani kote walikuwa wanashusha Kazaa, programu ya kubadilishana mafaili, ili wapate muziki wa bure. Ndani ya kifurushi hicho kulikuwa na abiria wengine: Cydoor ya kuleta matangazo, na Gator, iliyokuwa inaangalia kurasa unazofungua kisha inakurushia tangazo lake juu ya ukurasa wa mtu mwingine. Magazeti makubwa ya Marekani, yakiwemo Washington Post na New York Times, yaliishtaki Gator mwaka 2002. Wakamalizana nje ya mahakama mwaka uliofuata, na kabla mwaka huo haujaisha kampuni ikajiita Claria. Jina jipya, biashara ileile. Ukimtoa Cydoor peke yake, Kazaa inagoma kufunguka. Hapo ndipo programu za kusafisha kama Ad-Aware na Spybot zilipopata umaarufu.

Lakini enzi hizo walau uliitafuta mwenyewe. Ulishusha kitu cha bure, ukabofya endelea, endelea, endelea, bila kusoma. Sasa tuje kwa mtu ambaye hakushusha chochote. Kanunua laptopu mpya, kwa pesa halali, kaitoa kwenye boksi ikiwa na nailoni yake.

Kuanzia nusu ya pili ya mwaka 2014, Lenovo ilikuwa inauza laptopu za matumizi ya nyumbani zikiwa na programu iitwayo VisualDiscovery, iliyotengenezwa na kampuni ya California, Superfish. Kazi yake kwa maelezo yao ilikuwa kukusaidia kununua: unaangalia picha ya kiatu mtandaoni, nayo inakuletea viatu vinavyofanana kutoka maduka mengine. Mara ya kwanza ukifungua duka la mtandaoni kinatokea kidirisha cha kukujulisha, chenye kiungo kidogo cha kukataa. Ukikifunga kile kidirisha kama sote tunavyofunga vidirisha, umekubali.

Ili iweze kupachika matangazo, ilibidi ione kurasa unazosoma. Kurasa za kawaida si shida. Lakini zile zenye alama ya kufuli, za benki, za barua pepe, data yake imefumbwa, yaani imegeuzwa isisomeke na mtu wa katikati, kuanzia kwenye seva hadi kwenye kivinjari chako. Superfish ilijiweka katikati. Ilitumia teknolojia ya kampuni ya Israeli inayoitwa Komodia: inapokea ukurasa wa benki, inaufumbua, inaweka vitu vyake, kisha inaufumba upya na kukupa. Ili kivinjari kisilalamike, kiwandani waliweka ndani ya Windows cheti kikuu cha Superfish (cheti ni kama kitambulisho cha tovuti, na kikuu ni cha anayevithibitisha vingine), yaani Windows iliambiwa iamini tovuti yoyote itakayotiwa saini na Superfish. Kwa hiyo ukifungua tovuti ya Bank of America unaona kufuli, kila kitu sawa, ila ukikagua cheti unakuta aliyetia saini ni Superfish. Mhandisi wa usalama wa Google alinunua Lenovo moja makusudi, akakuta hivyo hivyo, akaonyesha picha yake hadharani Februari 2015.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo uzembe ulipovuka mpaka. Ufunguo wa siri wa cheti hicho, ule unaotumika kutia saini, ulikuwa mmoja kwa mashine zote, na ulikuwa umehifadhiwa ndani ya programu yenyewe, kwenye kila laptopu. Ni sawa na mtu kuuzia mtaa mzima kufuli zinazofunguliwa na ufunguo mmoja, kisha kila kufuli akaifungashia ufunguo huo chini ya boksi. Mtafiti wa Marekani, Robert Graham, aliutoa kwa saa chache tu. Nenosiri lililoulinda? "komodia". Jina la kampuni, herufi ndogo. (Kicheko.)

Mnacheka, lakini fikirieni maana yake. Yeyote mwenye ufunguo ule, akikaa kwenye Wi-Fi moja na wewe, hotelini au kituo cha mabasi, anaweza kutengeneza tovuti bandia ya benki yako na laptopu yako ikaiamini kabisa. Huyo hana uhusiano wowote na Superfish.

Lenovo ilianza kwa kusema imechunguza na haikuona tatizo la usalama. Ndani ya siku moja mbili maneno yakabadilika, wakatoa chombo cha kuondolea. Baadaye, Septemba 2017, walimalizana na Tume ya Biashara ya Marekani na majimbo 32, wakakubali kuyalipa majimbo hayo dola milioni 3.5. Kwa Marekani peke yake laptopu zilizouzwa na programu ile zilihesabiwa kuwa zaidi ya 750,000. Na walichopata Lenovo katika mkataba wao na Superfish, jarida la Forbes liliandika kuwa hakikuzidi dola 250,000. Kwa pesa hiyo waliuza imani ya mteja. Mimi mfanyabiashara wa hivyo simwelewi.

Tuje kwenye kutoa. Mtu wa kwanza aliyesikia habari hizi alikwenda kwenye orodha ya programu, akaona VisualDiscovery, akaiondoa, akaanzisha kompyuta upya. Matangazo yakaisha. Akapumua. Cheti je? Kimebaki. Programu imeondoka, lakini Windows bado inamwamini kila anayejiita Superfish, na ufunguo umeshamwagwa mtandaoni. Yaani kilichoudhi kimetoka, kilichokuwa hatari kimebaki kimya.

Tuangalie kwenye skrini. Nabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, naandika certmgr.msc, naingia. Kushoto kuna folda ya "Trusted Root Certification Authorities", ndani yake "Certificates". Hii orodha ndefu ni ya wale wote ambao kompyuta hii inawaamini bila kuuliza. Wengi ni halali, msije mkafuta ovyo. Tunatafuta jina lisilohusika: Superfish, Inc. ndilo lililokuwa likionekana hapa. Unalibofya kitufe cha kulia, unafuta. Halafu unakwenda Firefox, kwa sababu Firefox ina ghala lake lenyewe la vyeti. Fundi aliyesafisha Windows akaisahau Firefox amefanya nusu ya kazi.

Na kuna vinavyofutwa vikarudi. Novemba mwaka huohuo wa 2015, Dell nao walikutwa na cheti chao, eDellRoot, kimeambatana na ufunguo wake wa siri. Wao walisema ni cha kuwasaidia wahudumu wao kuitambua kompyuta ya mteja. Sawa, tuseme nia ilikuwa njema. Lakini ukikifuta, faili moja la huduma za Dell lilikuwa linakirudisha kompyuta ikiwaka tena. Ilibidi usimamishe huduma kwanza, ufute faili, ndipo ufute cheti. Utaratibu ni huo kwa vitu vingi vya aina hii: mtafute anayekirudisha kabla hujakifuta chenyewe. Angalieni kazi zilizopangwa kwenye Task Scheduler, angalieni huduma, angalieni viendelezi vya kivinjari na mipangilio ya proksi, yaani seva ya katikati ambayo kompyuta hupitishia mtandao wake.

Wengine mnasema moyoni, mwalimu anatuchosha bure, mimi nafomati tu napiga Windows upya. Ni dawa nzuri, naikubali. Ila ukitumia ile sehemu ya diski ya kurejesha hali ya kiwandani, unarejesha na alichokiweka kiwanda. Tumia Windows safi kutoka kwa Microsoft, kwenye fleshi yako.

Hata hiyo nayo iliwahi kushindwa. Mwaka 2015 huohuo, Lenovo tena, watu walipiga Windows safi kabisa, wakaiwasha, wakakuta faili za Lenovo zimo ndani. Zilitoka wapi? Kwenye BIOS, ile programu ya ndani ya ubao wa kompyuta inayowaka kabla ya Windows. Microsoft tangu Windows 8 iliweka njia inayoruhusu BIOS kuweka programu ndani ya Windows inapowaka, shabaha ikiwa vitu kama programu za kuitafuta kompyuta iliyoibwa. Lenovo waliitumia kuingiza huduma yao, Lenovo Service Engine. Hapo kufomati hakusaidii kitu. Dawa ilikuwa kuweka BIOS mpya ambayo Lenovo waliitoa baadaye. Kwa wauza mtumba: Lenovo walisema mashine za ThinkPad hazikuguswa na mikasa yote miwili, ile ya Superfish na hii.

Onyo moja kwa wenye haraka. Mwaka 2005 Mark Russinovich aligundua kuwa CD za muziki za Sony BMG zinajaza kwenye kompyuta programu iliyojificha, inayoficha kila faili ambalo jina lake linaanza na $sys$. Akaifuta kwa mkono, naye ni mmoja wa wanaoijua Windows vizuri kuliko watu wengi duniani. CD-ROM yake ikapotea kwenye mfumo, kwa kuwa draiva yake, yaani programu inayozungumza na kifaa, ilikuwa imejifunga kwenye njia ya CD. Sony wakatoa chombo cha kuiondolea, nacho kikafungua tundu jingine la usalama. Kwa hiyo kabla ya kung'oa, nakili data ya mteja kwanza.

Kuna mkono umenyooshwa pale. Karibu dada.

Dada anauliza: je, simu? Bando linaisha na hajatumia, amerisiti simu mara kadhaa, hali ileile.

Swali zuri, na jibu ni lilelile la kina. Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilieleza kuwa simu za Tecno W2 zilizouzwa Misri, Ethiopia, Ghana, Kamerun na Afrika Kusini zilikuwa zimewekwa kirusi cha Triada tangu kabla hazijafika dukani. Triada ilishusha kingine, xHelper, kilichokuwa kinamuunganisha mwenye simu na huduma za kulipia bila yeye kujua, salio likaliwa. Transsion, wenye Tecno, walisema aliyesababisha ni mmoja wa wasambazaji katika mnyororo wao, na kwamba walishatoa marekebisho. Sasa ukirisiti simu unafuta sehemu yako, picha na programu ulizoweka. Sehemu ya mfumo haiguswi, na Triada ilikaa huko. Kwanza kubali masasisho ya mfumo kutoka kwa kampuni, maana ndiyo yanayofika kule. Yasiposaidia, iflashiwe upya, yaani iwekewe mfumo mpya, kwa ROM (faili la mfumo mzima wa simu) ya kampuni yenyewe ya modeli hiyo hasa. Fundi akikuambia anayo aliyoipata kwenye grupu la Telegram, chukua simu yako uondoke nayo, kwa sababu hakuna anayejua aliyeipakia aliweka nini ndani.