Hiyo kamera ya duka lako inafanyia nani kazi?

Asanteni, asanteni, hapo nyuma mnanisikia? Haya. Nimeambiwa niongee kuhusu serikali na intaneti ya vitu, jina linatisha bure tu, ni vile vitu mko navyo tayari, kamera ya duka, traka ya pikipiki, sola ya kulipa pole pole ambayo ukichelewa inazimwa na mtu hata hajafika kwako. Kila moja iko na laini ama waifai na inaongea na seva, yaani kompyuta ya kampuni, hujui iko wapi.

Tuchukue kamera. Fundi anapanda ngazi hapa Kondele, Kisumu, anafunga, anakuunganishia kwa simu, paswadi anaacha ile ya stika, admin halafu 12345, anachukua pesa yake huyoo. Na hiyo paswadi iko kwa kamera zingine za aina hiyo dunia nzima! 2016 kulikuwa na programu inaitwa Mirai, kazi yake ni kuzunguka intaneti ikijaribu paswadi za kiwandani, kama 60 hivi, hakuna uchawi mwingine, ikateka makamera na maruta ya waifai kwa malaki, na mwezi wa kumi yakatumiwa kuipigia yote kwa pamoja mpaka ikaanguka kampuni ya Dyn ya Marekani, ile inasaidia simu na kompyuta kupata njia ya kufika kwa tovuti, Twitter na Netflix zikakataa kufunguka kwa watu wengi. Walioitunga ni vijana watatu wa huko huko, na ilianzia kwa mambo ya gemu ya Minecraft, imagini. Mwenye kamera naye hajui kitu, yeye anaona duka lake vizuri tu kwa simu.

Serikali yetu ya Kenya haijalala, tuseme ukweli. Katiba kifungu cha 31 kinalinda faragha, tuko na sheria ya data ya 2019 na kamishna wake, data ikivuja na inaweza kukuumiza lazima aambiwe ndani ya saa 72. Sawa, lakini hapo maji yashamwagika. Uingereza tangu Aprili 2024 kifaa cha nyumbani cha intaneti hakiuzwi na paswadi rahisi ya kufanana, na muuzaji lazima aseme apdeti za kuziba mianya ya usalama zitakuja mpaka lini. Si hapa Mamlaka ya Mawasiliano hupitisha vifaa kabla viuzwe? Basi hilo swali la paswadi na apdeti liulizwe hapo hapo, kabla kontena ifunguliwe, sio kumlaumu mama wa duka eti hakubadilisha paswadi, nani alimwambia?

Na kaunti ikinunua mita za maji za kujisoma, zinazotuma hesabu zenyewe kwa intaneti, tenda iandikwe wazi, kampuni ikifunga biashara hizo mita bado zitasoma ama tunarudi kwa kalamu na daftari.