Uhura bila Z

BARAKA: Karibuni tena. Dada Zuhura leo kakaa hapa kanuna.

ZUHURA: Sijanuna, nimeonewa! Wiki nzima kaka Baraka ananiita Uhura. Meseji za usiku: "Uhura, umejiandaa?" Mimi wazazi wangu walinipa Zuhura, sayari kabisa, ile inayong'aa alfajiri. Wewe unaichomoa Z unaenda nayo wapi?

BARAKA: (anacheka) Nikufidie kwa kisa cha Nichelle Nichols, mwigizaji Mmarekani aliyecheza mhusika Uhura kwenye kipindi cha televisheni cha Star Trek. Kazaliwa Desemba 1932, Robbins, jimbo la Illinois, nje kidogo ya Chicago. Mji mdogo wa watu weusi, na baba yake aliwahi kuwa meya hapo. Walimpa jina Grace Dell, hakulipenda hata kidogo. Akaomba jingine, mama yake akamtafutia Nichelle.

ZUHURA: Ahaa, mambo ya majina kayaanza mapema.

BARAKA: Mapema sana. Akacheza dansi, akaimba, akasafiri na bendi ya mwanamuziki wa jazi Duke Ellington akiwa bado binti mdogo. Hayo nayaruka, maana nataka tufike kwenye usaili wa Star Trek. Kituo cha televisheni cha NBC wanaandaa kipindi cha chombo cha anga, mtunzi wake ni Gene Roddenberry. Nichelle anaingia na kitabu chake mkononi. Jina la kitabu: Uhuru.

ZUHURA: Uhuru hii hii yetu?

BARAKA: Hii hii. Riwaya ya Robert Ruark, Mmarekani mweupe, inahusu Kenya kabla ya kujitawala. Sasa nafasi yenyewe haijaandikiwa hata neno moja, kwa hiyo anapewa ayasome maneno ya Spock, mhusika mwingine. Wanamuuliza, kitabu gani hicho? Anawaeleza maana yake. Neno likamkaa Roddenberry, ila akaona kwa mwanamke lina ukali. Nichelle anasimulia kwamba ni yeye aliyesema: basi lainisheni mwisho, iwe Uhura.

ZUHURA: Hapo nacheka na kununa kwa pamoja. Walilainisha kwa sikio la nani? Kiswahili hakina "a" ya kike. Mwanamke ni yeye, mwanamume ni yeye. Ukisema uhuru ni uhuru wa kila mtu. Ukiweka "a" unapata neno lisilo na maana, mpaka uje kwangu kuazima Z!

BARAKA: Lakini mfikirie yule dada. Ni 1966, Kenya ina miaka mitatu tu ya bendera yake, na neno letu linaingia sebuleni kwa Wamarekani. Tena si jina peke yake. Sehemu ya kwanza kabisa iliyorushwa, Septemba 8, 1966, kuna kiumbe anayejigeuza sura. Anamkuta Uhura kwenye korido, anajifanya kijana mweusi mtanashati, anamtongoza kwa Kiswahili.

ZUHURA: Kile Kiswahili cha kuungaunga! Mjomba alikuwa na mikanda ya VHS, tukiirudisha nyuma tusikie kasema nini. Na mwaka uliofuata kuna sehemu mashine inamfuta kumbukumbu zote kwa sababu alikuwa anaimba. Wanamfundisha kusoma upya kama mtoto wa chekechea, akikwama kwenye Kiingereza anaangukia Kiswahili. Ile niliipenda. Kumbe ndani kabisa kulikuwa na lugha ya nyumbani.

BARAKA: Kwa nini hukuwa shabiki basi?

ZUHURA: Kwa sababu nilikuwa nasubiri aongee! Gauni jekundu fupi, yuko kitini kaipa mgongo kamera sinema nzima, lile dude la fedha limechomoza sikioni. Anageuka, anagusa sikio, anamwambia kapteni njia za mawasiliano ziko wazi. Kageuka tena. Basi, zamu imekwisha.

BARAKA: Na yeye kilimkera hichohicho. Anapewa muswada, siku ya kurekodi maneno yake yamekatwa. Aliandika pia kwamba wafanyakazi wa chumba cha barua walimnong'oneza: barua za mashabiki zinakuja kwa mafurushi, ila wameagizwa wasimpe. Msimu wa kwanza ulipokwisha akaandika barua ya kuacha kazi. Alitaka Broadway, kwenye majukwaa ya maigizo ya New York, ndiko moyo wake ulikokuwa. Roddenberry akamwambia, nenda kafikirie mpaka Jumatatu.

ZUHURA: Na Jumamosi ikamkuta na makubwa.

BARAKA: Yupo kwenye hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, anaambiwa kuna shabiki wake mkubwa anataka kumsalimia. Anageuka, anamwona Martin Luther King. King anamwambia hicho ndicho kipindi pekee ambacho yeye na mkewe Coretta wanawaruhusu watoto wakeshe kukitazama. Nichelle anamwambia, asante sana, ila naacha. King akakataa. Akamwambia kwa mara ya kwanza tunaonekana tulivyo, nafasi hiyo ukiiacha watamweka mtu yeyote, hata kiumbe wa sayari nyingine.

ZUHURA: Hapo ndipo nagombana na mzee King, Mungu amrehemu. Mwanamke kapewa jina la uhuru, halafu kuondoka haruhusiwi! Si King aliyekuwa anakwenda kukaa kwenye kile kiti Jumatatu.

BARAKA: Dada, angeondoka leo tungemzungumzia?

ZUHURA: Labda tungekuwa na nyimbo zake. Huwezi kujua. Wewe unaona alichofungua, mimi naona alichofunga.

BARAKA: Alirudi. Anasema Roddenberry alifungua droo, akatoa ile barua, imeshachanwa vipandevipande.

ZUHURA: Kwa hiyo kumbe naye hakuwa anangoja jibu. (kicheko) Na lile busu?

BARAKA: Novemba 1968, na William Shatner, aliyecheza kapteni. Wengi husema ndilo busu la kwanza la mweusi na mweupe kwenye televisheni ya Marekani. Wanahistoria wanabishana, wapo waliotangulia, tusilikuze. Mimi nataka NASA, shirika la anga la Marekani.

ZUHURA: Hapo sina ugomvi.

BARAKA: Kipindi kilifungwa 1969, baada ya sehemu 79. Mwaka 1977 NASA wanatafuta wanaanga wa vyombo vipya, wanaokuja kuomba ni walewale, wanaume weupe. Wakamwajiri Nichelle. Akawaambia wazi: nikiwaletea wanawake na weusi wenye sifa, halafu msichague hata mmoja, mtanitambua. Akazunguka vyuoni nchi nzima. Maombi yakapita 8,000. Wakachaguliwa 35, wanawake sita, weusi watatu. Sally Ride yumo. Guion Bluford yumo. Ronald McNair na Judith Resnik wamo pia, na hao wawili walikufa chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka mwaka 1986.

ZUHURA: Unaona? Alipoinuka kwenye kiti ndipo akawa Uhuru mwenye "u" yake.

BARAKA: Subiri, hicho kiti usikitukane. Mwaka 1992 Mae Jemison anakwenda angani, mwanamke mweusi wa kwanza. Alikuwa mtoto wa Chicago aliyekua akimtazama Uhura. Huko juu, kila anapoanza zamu anawaambia wa chini: njia za mawasiliano ziko wazi.

ZUHURA: (kimya) Yale maneno niliyoyachoka?

BARAKA: Hayohayo.

ZUHURA: Haya. Hilo nakupa.

BARAKA: Nichelle alifariki Julai 30, 2022, New Mexico, miaka 89. Januari 2024 sehemu ya majivu yake ikapakiwa kwenye roketi, ikapelekwa mbali kuliko mwezi. Sasa inazunguka jua.

ZUHURA: Na ile filamu ya 2009 ilishampa rasmi jina la kwanza, Nyota. Kwa hiyo Nyota anazunguka jua.

BARAKA: Pamoja na sayari yako.

ZUHURA: Mwambie akipita aniachie salamu. Na wewe kesho nirudishie Z yangu.