Viwanja vya Mtaani Australia: Fedha Zipo, Lakini Nani Anazigawa?

Habari za wakati huu, ndugu watazamaji. Tangu niwaonyeshe uwanja wa mtaa ninaoishi hapa Melbourne, wenye nyasi zilizokatwa vizuri na jengo la klabu pembeni, wengi wenu mmeniandikia maneno yanayofanana: kwamba huku serikali ina fedha, ndiyo maana hata watoto wa miaka tisa wanacheza mahali ambapo kwetu pangechezewa ligi. Sikatai kwamba fedha zipo. Lakini mimi ni katibu msaidizi wa klabu inayoutumia uwanja huo, nimejaza fomu za kuomba ruzuku mpaka macho yakauma, na nimegundua kwamba fedha pekee haziwezi kulieleza jambo hili. Waaustralia wenyewe wamegombana mara mbili, hadi mawaziri wawili wakaachia ngazi, si kwa sababu fedha za viwanja zilikuwa chache, bali kwa sababu ya namna zilivyogawiwa.

Kwanza mfahamu kwamba uwanja ule si mali ya klabu yetu. Ni mali ya halmashauri, kama vilivyo viwanja vingi vya mitaani hapa, nasi tunapangishwa kwa msimu. Halmashauri inakata nyasi. Sisi tunalipa ada, tunafagia vyumba na kupanga ratiba, na kila mmoja wetu kwenye kamati ni mtu wa kujitolea mwenye kazi yake nyingine mchana. Yanapohitajika matengenezo makubwa, klabu haina njia ila kubisha hodi kwenye milango mitatu: halmashauri yenyewe, serikali ya Victoria, jimbo lenye mji huu wa Melbourne, na serikali ya shirikisho iliyoko mji mkuu, Canberra.

Hitaji letu kubwa ni taa. Huenda mkacheka, lakini nisikilizeni. Msimu wa mpira hapa huchezwa wakati wa baridi, na mwezi Juni jua la Melbourne huzama saa kumi na moja na dakika chache jioni, yaani kabla wazazi wengi hawajatoka kazini. Kwa hiyo mazoezi yote ya siku za kazi hufanyika gizani. Uwanja wetu una nguzo za taa upande mmoja tu, na matokeo yake ni kwamba timu zote, za watoto, za wasichana na za wakubwa, hubanana kwenye nusu ile yenye mwanga, nyasi za upande huo zinakanyagwa hadi kuwa tope, na ikifika mwezi Julai halmashauri inaufunga uwanja mzima ili upone, huku nusu ya pili ikiwa bado kijani kibichi kama zulia lisilokaliwa. Nguzo mbili zaidi zingetupa karibu uwanja wa pili bila kununua hata hatua moja ya ardhi. Siku hizi ninapowaona watu wakishangilia uwanja mpya, jambo la kwanza ninalotafuta ni taa, la pili ni mifereji ya kutolea maji, na la tatu ni vyumba vya kubadilishia nguo vya wanawake, kwa sababu majengo mengi ya klabu za hapa yalijengwa enzi ambazo waliofikiriwa kucheza ni wanaume peke yao.

Sasa njoo kwenye fomu. Unatakiwa kuambatanisha barua ya mwenye ardhi inayokubali ujenzi, makadirio ya bei kutoka kwa makandarasi, mchoro, ushahidi kwamba klabu itachangia sehemu ya gharama, na maelezo ya idadi ya watu watakaonufaika. Tulituma maombi kwenye mfuko mmoja, ambao sitautaja, tukangoja miezi, tukapata barua ya mistari minne ikisema kwamba ushindani ulikuwa mkubwa. Hatukuambiwa tulipata alama ngapi, wala nani alitushinda. Mweka hazina wetu, mzee aliyeishi hapa maisha yake yote, aliisoma barua ile mara moja, akaikunja, akaniuliza kama nimewahi kusikia habari za waziri na klabu ya wapiga shabaha. Nilikuwa sijasikia, na usiku ule nikakaa kusoma.

Mwaka 2018 serikali ya shirikisho ilianzisha mpango wa ruzuku kwa miundombinu ya michezo ya jamii, ambao mwishowe ulifikia dola milioni 100 za Australia, huku mradi mmoja ukiweza kupewa hadi dola 500,000. Maombi yaliyopokelewa yalikuwa 2,056. Wataalamu wa Sport Australia, jina la wakati huo la chombo cha serikali kinachosimamia michezo, waliyapitia na kuyapa alama kwa vigezo vilivyotangazwa: ushiriki wa jamii ulibeba nusu ya alama, na nusu iliyobaki ikagawanywa kati ya uhitaji wa mahali husika na ubora wa mpango wa ujenzi. Hadi hapo, ukiniuliza mimi, huo ni utaratibu ambao ningeutia saini.

Kilichofuata kilifichuliwa na hundi. Mwezi Februari 2019, miezi mitatu kabla ya uchaguzi mkuu, mgombea wa chama tawala katika jimbo moja la uchaguzi la Australia Kusini alipiga picha akiikabidhi klabu ya Yankalilla, ya mchezo wa kuviringisha matufe kwenye nyasi, hundi kubwa ya maonyesho ya dola 127,373, yenye picha na jina lake. Hakuwa mbunge, na fedha hazikuwa zake. Mbunge wa jimbo lile alikuwa mtu mwingine kabisa. Upinzani ukalalamika, suala likafika kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, naye akatoa ripoti Januari 2020.

Ripoti ile inasomeka kama hadithi ya upelelezi, ingawa imeandikwa kwa ukavu wa kihasibu. Miradi 684 ilikuwa imepewa ruzuku katika awamu tatu. Katika awamu ya kwanza, asilimia 41 ya miradi iliyoidhinishwa haikuwa kwenye orodha iliyopendekezwa na bodi ya Sport Australia. Awamu ya pili ikawa asilimia 70, na ya tatu asilimia 73. Ofisi ya waziri wa michezo, Bridget McKenzie, ilikuwa na jedwali lake sambamba, lililoonyesha kila mradi uko jimbo gani la uchaguzi na jimbo hilo linashikiliwa na chama gani. Mkaguzi aliona kwamba fedha zilielekezwa zaidi kwenye majimbo yenye ushindani mkali na yale ambayo chama tawala kilitaka kuyanyakua, na akaongeza kwamba hakuona msingi wa kisheria uliompa waziri mamlaka ya kuidhinisha ruzuku hizo. Baadaye ikajulikana kwamba klabu moja ya Gippsland, hapa hapa Victoria, ya wanawake wanaoshindana kwa viatu vya magurudumu, ilikuwa imepata alama 98 kati ya 100, na haikupewa hata senti.

Nitende haki kwa upande wa pili pia. Waziri alijitetea kwamba hakuvunja sheria, kwamba miongozo ilimruhusu kutumia busara yake, na kwamba kuingilia kwake kuliyapatia majimbo ya wapinzani ruzuku nyingi zaidi kuliko ambavyo yangepata kwa orodha ya wataalamu peke yake. Mwanasheria Mkuu wa serikali naye hakukubaliana na mkaguzi kuhusu suala la mamlaka. McKenzie alipojiuzulu mapema Februari 2020, sababu rasmi haikuwa ugawaji wenyewe. Ilikuwa kwamba hakutangaza uanachama wake katika klabu ya wapiga shabaha ya Wangaratta, iliyokuwa imepata takriban dola 36,000 kutoka kwenye mpango ule ule. Mwaka 2021 alirudi tena kwenye baraza la mawaziri.

Wala msidhani kwamba hii ni tabia ya chama kimoja. Mwaka 1994, chama cha Labor kikiwa madarakani, waziri Ros Kelly alijiuzulu kwa sababu ya mpango wa ruzuku za michezo wa takriban dola milioni 30. Zilipotakiwa nyaraka za kuonyesha kwa nini klabu hii ilipewa na ile ikanyimwa, waziri alieleza kwamba maamuzi yalifanyiwa kazi kwenye ubao mkubwa mweupe ofisini kwake, kisha ubao ukafutwa. Hapa hadi leo ukimtajia mtu mzima habari za ubao mweupe, anatabasamu. Fedha za taa na vyoo vya wachezaji, zimefutwa kwa kitambaa!

Kuna jambo moja ambalo limenishughulisha tangu nisome habari hizi. Australia ilirudi kutoka Olimpiki ya Montreal mwaka 1976 bila medali hata moja ya dhahabu, taifa likaona aibu, na mwaka 1981 serikali ikafungua Taasisi ya Michezo ya Australia mjini Canberra ili kuwalea wanariadha bora kwa gharama za umma. Katika Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 walipata dhahabu 16. Lakini hebu tazama: fedha za wanariadha wa kiwango cha juu, pamoja na lawama zake, zina mzani ambao waziri hawezi kuufuta. Muogeleaji amegusa ukuta kwa sekunde fulani, na sekunde hizo zimeonwa na dunia nzima. Uwanja wa mtaa hauna saa ya namna hiyo. Nani atapima tope letu dhidi ya paa linalovuja la klabu nyingine kilomita 300 kutoka hapa? Kitu pekee kinachofanana na saa ni zile alama za fomu, na alama zikifungiwa kabatini, anayebaki na neno la mwisho ni mwenye hundi kubwa.

Najua mnachofikiri, kwa sababu nami nimekulia huko. Jezi na mipira inayogawiwa kampeni zikianza, na uwanja unaosawazishwa kwa greda wiki mbili kabla ya mkutano wa hadhara, ni ndugu wa hundi ile ya Yankalilla. Tofauti niliyoiona huku haiko kwenye uadilifu wa wanasiasa, maana mmejionea. Iko kwenye kwamba orodha ya wataalamu ilikuwapo kwenye karatasi, ikiwa na alama, na kulikuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuidai na kuilinganisha na orodha ya waziri. Kwa hiyo mkiulizana huko kama fedha za michezo zimetengwa, ulizeni pia vigezo vimebandikwa wapi, waliokosa wameambiwa walipata alama ngapi, na nani atalipa umeme wa taa hizo miaka mitano baada ya utepe kukatwa.

Sisi tumeomba upya, safari hii kupitia halmashauri. Katika barua ya maombi, mweka hazina wetu ameongeza sentensi moja kwa mkono wake, akiomba kwamba tukikosa tutumiwe alama zetu zote, kigezo kwa kigezo. Jibu linatarajiwa kabla ya msimu kuanza. Jumanne jioni nitakuwa pale kwenye ile nusu yenye mwanga, na nitawasha kamera mjionee wenyewe timu nne zikigombania eneo moja la hatari.