Tozo ya Mafuta na Darasa la Barabara

Mhadhara uliotolewa jijini Arusha mbele ya wahandisi, wahadhiri, wanafunzi na wasafirishaji

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wahandisi, ndugu wasafirishaji mlioacha shughuli zenu ili mje kunisikiliza, nanyi wanangu wanafunzi mliokaa huko nyuma, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie wajibu wa serikali katika kugharimia utafiti na elimu ya usafiri vyuoni. Naomba nianze na lori. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu ekseli moja, yaani mhimili unaobeba magurudumu, yenye matairi manne ibebe tani 10. Mwenye lori akiongeza tani 2 juu ya ekseli hiyo, moyoni mwake anajiambia kwamba amezidisha kwa asilimia 20 tu, lakini lami haihesabu hivyo, kwa maana uchakavu wa barabara hupanda takribani kwa kipeo cha nne cha mzigo, yaani uwiano wa mizigo uzidishwe kwa wenyewe mara nne: 1.2 × 1.2 × 1.2 × 1.2. Ukikokotoa utakuta kwamba ekseli ya tani 12 inaichakaza barabara kiasi cha mara 2 ya ile ya tani 10. Hesabu hiyo ndiyo inayosimama nyuma ya mizani ya kupimia malori ya Makuyuni na ile ya Njia Panda, ingawa dereva anayelipishwa faini pale hajawahi kuelezwa.

Hesabu hiyo haikushushwa kutoka mbinguni. Ilipatikana karibu na Ottawa, mji mdogo katika jimbo la Illinois nchini Marekani, ambako vilijengwa vipande vya barabara za majaribio, na kati ya mwaka 1958 na 1960 wanajeshi wakakabidhiwa malori wayazungushe mchana na usiku, mpaka ekseli zikawa zimepita juu ya lami hiyo zaidi ya mara milioni 1. Jaribio lile liligharimu dola milioni 27 hivi za wakati ule, sehemu kubwa ikitoka katika mifuko ya umma. Hakuna mkandarasi ambaye angelipia kazi ya namna hiyo, kwa sababu faida yake haikai mfukoni mwa mtu mmoja; kanuni ikishajulikana, inatumiwa na kila nchi, pamoja na sisi ambao hatukuchangia hata senti.

Shida ni kwamba kanuni tulipewa, udongo hatukupewa. Ardhi ya Illinois huganda kwa barafu wakati wa baridi na kulainika barafu inapoyeyuka. Sisi tuna majivu ya volkano kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro, na tukishuka kuelekea tambarare tuna udongo mweusi wa mbuga, ambao wakati wa masika huvimba kama unga uliotiwa hamira na wakati wa kiangazi hupasuka hata mtoto akaweza kuingiza mkono. Hata mwongozo wetu wa usanifu wa tabaka za barabara, uliotolewa na Wizara ya Ujenzi mwaka 1999, uliandaliwa kwa msaada wa Norwei. Ni mwongozo mzuri, nimeutumia maisha yangu yote ya kazi, na siusemi kwa dharau. Ninachouliza ni nani anayelipwa leo, katika chuo kipi, ili aukosoe.

Wenzetu wa Marekani walilijibu swali hili kwa sheria. Tangu mwaka 1956 wana mfuko wa barabara kuu unaolishwa hasa na kodi ya mafuta, na kodi hiyo imebaki senti 18.4 kwa galoni ya petroli tangu mwaka 1993. Kila jimbo linalopokea fedha za barabara kutoka huko linatakiwa kutenga asilimia 2 kwa ajili ya mipango na utafiti, na angalau robo ya kiasi hicho iwe ya utafiti wenyewe. Kisha mwaka 1987 Bunge lao likaanzisha mpango wa vituo vya utafiti na mafunzo ya usafiri ndani ya vyuo vikuu, likianza na vituo 10 vya kikanda. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 iliutengea mpango huo dola milioni 500 kwa miaka 5.

Kinachonivutia katika mpango ule si ukubwa wa fedha, kwa sababu uchumi wao na wetu havilingani na sipendi mazungumzo ya kulinganisha mbuni na kuku. Kinachonivutia ni masharti yake. Vyuo vinashindana, tena kwa kawaida vikiwa vimeungana, kimoja kikiongoza na vingine vikishiriki. Kituo cha kitaifa au cha kikanda kinapaswa kuleta dola moja yake kwa kila dola ya serikali, na vile vidogo zaidi huleta nusu, hivyo chuo kinalazimika kwenda kubisha hodi kwa serikali ya jimbo, kwa halmashauri na kwa wenye mabasi, na katika kubisha hodi ndipo kinapojua ni tatizo gani watu wanataka litatuliwe. Jambo jingine, ambalo kwangu ndilo kubwa, ni kwamba kufundisha kumo ndani ya ruzuku ileile, kwa hiyo mwanafunzi anayepima uchakavu wa lami analipiwa na fungu lililonunua kifaa anachopimia. Na kwa kuwa fedha zinatolewa kwa kipindi cha miaka kadhaa, mtafiti anaweza kuiangalia barabara ileile ikipitia masika ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Lakini tusidhani kwamba sheria ni ngome isiyobomoka. Mwezi Mei 2025 wizara ya usafiri ya nchi hiyohiyo ilifuta ruzuku 7 za vyuo vikuu, zenye jumla ya dola milioni 54, kwa sababu uongozi mpya haukuzipenda mada zake. Utafiti unaolipiwa na serikali unalipiwa na wanasiasa, na wanasiasa hubadilika. Ndiyo maana napenda lile sharti la kuchangia, kwa kuwa chuo chenye wachangiaji wengine hakizimiki kwa barua moja.

Turudi nyumbani. Hatuanzi na mikono mitupu. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipo tangu mwaka 1975. Hapa Arusha, Chuo cha Ufundi kinafundisha uhandisi wa majengo na barabara, na pale Tengeru Taasisi ya Nelson Mandela ina wanasayansi wa vifaa, wa maji na wa kompyuta, ambao wote barabara inawahitaji. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, inasimamia mfuko wa utafiti wa taifa, lakini kwenye dirisha hilo moja wamepanga foleni watafiti wa mahindi, wa malaria na wa nishati, na mtu wa changarawe akifika mwisho wa foleni, mkoba umekwisha. Umekuwapo pia mkopo wa Benki ya Dunia uliovinufaisha baadhi ya vyuo vyetu vya ufundi na usafirishaji, na majengo na maabara vilivyopatikana ni vya manufaa. Hata hivyo mradi wa mkopo una tarehe ya kufungwa, na barabara haina.

Upande wa pili tuna Mfuko wa Barabara, unaolishwa zaidi na tozo ya mafuta ambayo kila mwenye kifodi, yaani basi dogo la abiria, na kila bodaboda katika ukumbi huu analipa kila siku anapojaza tangi. Sheria yake inataka asilimia 90 au zaidi iende kwenye matengenezo, na nia yake naiheshimu, kwa kuwa tuna zaidi ya kilomita 36,000 chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na zaidi ya kilomita 144,000 chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nyingi kati ya hizo zikiwa za udongo. Hoja yangu ni kwamba kujua kwa nini barabara imeharibika ni sehemu ya matengenezo, kama vile kipimo cha damu kilivyo sehemu ya matibabu. Tukichukua mfano wa Marekani bila kuongeza wala kupunguza, katika kila shilingi bilioni 100 tungetenga bilioni 2 kwa mipango na utafiti, na katika bilioni hizo 2, shilingi milioni 500 zingekuwa za utafiti. Wahandisi mlioko hapa mnajua jinsi kipande cha lami kinavyomeza milioni 500, na mnajua pia kuirudia kazi iliyofeli kunavyomeza zaidi ya hapo.

Nikiwa kijana niliwahi kukaa kwenye kigoda huko Kikatiti, nikihesabu magari kwa kalamu na daftari, mistari minne na mmoja wa kukatisha, na nauli nikajilipia mwenyewe. Siku ya tatu fedha ziliniishia nikarudi nyumbani. Takwimu za siku mbili na nusu nilizichapa, nikazifunga jalada, nikapewa alama nzuri, na sidhani kama kuna aliyelifungua jalada lile tena. Mwanafunzi anayesoma hivyo hajifunzi utafiti, anajifunza kumaliza shule.

Na yako mambo ambayo hakuna mgeni atakayetufanyia. Tarehe 6 Mei 2017, kule Rhotia wilayani Karatu, basi lililobeba watoto wa shule lilitumbukia korongoni, na wanafunzi 32 wakafariki. Wengi wenu mnaikumbuka siku hiyo, na wapo waliozika. Polisi kazi yao ni kuuliza nani ana kosa, nao huliuliza swali hilo baada ya kila ajali. Chuo kazi yake ni kuuliza maswali ya kabla ya ajali: mteremko una urefu gani, breki za gari la umri fulani hupata moto kiasi gani likishuka na abiria, ukungu na mvua vinapunguza msuguano wa tairi kwa kiasi gani, na kona ipi inahitaji ukingo kabla haijaua. Majibu yake yanataka vifaa, mafuta ya gari la utafiti, na mtu anayelipwa kwa miaka mitatu mfululizo kuitazama miteremko ya Karatu peke yake.

Mabadiliko ya sheria yatachukua muda, na sitawadanganya kwamba yako karibu. Kuna jambo moja lisilosubiri Bunge. Mizani hupima malori kila siku, na vipimo hivyo huandikwa na kuhifadhiwa. Naomba viwekwe wazi kwa vyuo, namba za magari zikiwa zimefutwa, ili mwanafunzi wa uzamili hapa Arusha azisome ekseli za mwaka mzima badala ya kukaa kwenye kigoda siku mbili na nusu. Gharama yake ni barua na diski ya kuhifadhia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona zimebaki dakika 20 za maswali, na ningependa la kwanza litoke kwa wenye malori, kwa kuwa nimewasema tangu mwanzo nao wamenyamaza.