Kabla ya Ukuta wa Kelele: Kaseti za Mwanzo za Merzbow

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Mwenyekiti ameniomba mambo mawili: nisizidishe muda, na nisiwapasue masikio. Hilo la pili ni jepesi leo, maana kaseti ninazozungumzia si zile zilizompa Masami Akita, mwanamuziki wa kelele wa Japani, sifa ya kupasua masikio.

Wengi wetu tuliomjua Akita, yaani Merzbow, tulimfikia kupitia kazi za miaka ya 1990, hasa albamu ya Pulse Demon ya 1996. Pale kelele huanza kwa nguvu zote na haikupi nafasi ya kuvuta pumzi. Basi mtu huhitimisha kwamba huyu bwana alizaliwa na hasira na mashine kubwa. Ukirudi kwenye kazi zake za kati ya 1979 na 1983, hitimisho hilo linabomoka. Unasikia vyuma vikigongwa bila haraka, gitaa likikwaruzwa, kipande cha utepe kikijirudia mpaka kinachosha, halafu kinaendelea tu. Kuna uwazi mwingi ndani yake. Binafsi naona kuna hata ucheshi.

Akita alizaliwa Tokyo mwaka 1956. Alipiga dramu kwenye bendi za roki, na mwenzake wa karibu alikuwa Kiyoshi Mizutani, ambaye anasikika katika kazi nyingi za Merzbow za miaka ya 1980. Chuoni, Tamagawa, alisomea uchoraji na nadharia ya sanaa, na hapo ndipo penye ufunguo wa kaseti hizi. Jina la Merzbow limetokana na Merzbau, jengo ambalo msanii Kurt Schwitters alilijenga ndani ya nyumba aliyokuwa akiishi mjini Hanover, Ujerumani, kuanzia miaka ya 1920. Alikuwa akiliongezea mbao na vitu vya kuokota mwaka hadi mwaka, mpaka likameza vyumba. Mabomu ya vita yaliliangamiza mwaka 1943. Schwitters huyohuyo alitengeneza picha kwa kubandika tiketi zilizotumika, vipande vya magazeti na karatasi zilizotupwa. Akita aliichukua njia hiyo akaitia kwenye sauti. Ndiyo maana nasema kaseti hizi zisikilizwe kama unavyotazama picha ya kubandika: kipande hiki kimetoka wapi, na kwa nini kimewekwa kando ya kile?

Sasa tuje kwenye vifaa, maana hapa ndipo ninapotaka kukaa. Hakuwa na studio ya kifahari. Alikuwa na rekoda za kaseti, maikrofoni, gitaa, vitu vya kugonga, na ule mlio mkali unaotoka maikrofoni ikisogezwa karibu na spika. Fundi yeyote wa mitambo hapa ukumbini analipwa kuuzuia mlio ule! Akita aliufuga. Kaseti nayo ina tabia zake: ina mvumo wake wa chinichini, na ukinakili nakala ya nakala, sauti nyororo hupotea na uchafu huongezeka. Mwanamuziki wa kawaida angeona hasara. Kwa Akita huo uchafu ni malighafi.

Hata lebo aliyoianzisha, yaani chapa ya kutolea muziki wake, aliiita Lowest Music & Arts, kama anayekupa onyo kwamba usitegemee kitu cha thamani. Kupitia lebo hiyo zilitoka Remblandt Assemblage, mfululizo wa Collection wenye kaseti kumi, na Metal Acoustic Music, jina ambalo linamchokoza mwanamuziki wa roki wa Marekani, Lou Reed, na santuri yake ya kelele ya 1975, Metal Machine Music. Majalada aliyatengeneza kwa mashine ya fotokopi. Kaseti hazikusambazwa madukani kama bidhaa za wakubwa. Zilisafiri kwa posta. Unamtumia msanii wa ng'ambo kaseti yako, naye anakutumia yake. Wasanii wa barua, yaani wale waliotumiana kazi zao za sanaa kwa posta, walikuwa wakibadilishana picha na kolaji, zile picha za kubandika, kwa njia hiyohiyo, na mtandao huo ndio uliomtoa Tokyo kabla hajapanda jukwaa lolote la nje.

Mwaka 1984, akiwa na lebo nyingine, ZSF Produkt, alitoa Pornoise/1kg: sanduku la kaseti pamoja na kolaji za fotokopi za picha za magazeti ya ngono, yale ambayo watu wa Tokyo walikuwa wakisoma na kutupa. Mnaguna, naelewa. Nami picha zile hazinivutii. Ila mantiki yake iko wazi: alichagua karatasi iliyodharauliwa kuliko zote akaifunga pamoja na sauti iliyodharauliwa kuliko zote, kisha akaipima kwa kilo kama nyama buchani.

Anayetaka kuzisikiliza kazi hizi kwa mpangilio, lebo ya Extreme ya Australia ilitoa Merzbox mwaka 2000, sanduku la CD 50 linaloanzia 1979. Ushauri wangu, msianze na CD ya kwanza mkashuka moja moja. Mtachoka kabla ya kufika popote. Anzeni na Remblandt Assemblage, kisha tafuteni Batztoutai with Memorial Gadgets ya 1986, msikie jinsi vipande vilivyozidi kusongamana.

Fundi, tuwekee Remblandt Assemblage, dakika tano za mwanzo, sauti ya wastani. Maswali yatafuata. Anayetaka kupumzisha masikio, chai iko nje.