Unga, ubongo na mlango wa nyumbani

(Mazungumzo na wazazi katika ukumbi wa shule ya msingi, Dar es Salaam)

Shikamooni wakubwa zangu. Na nyie vijana mlioegemea madirisha, mambo.

Mwenyekiti amenitambulisha kama "mtaalamu wa mateja", yaani wale walionasa kwenye unga, heroini. Mmecheka, na mimi nimecheka. Lakini wacha nianzie hapo hapo, maana neno hilo nina deni nalo.

Nilikuwa muuguzi mgeni, nimepangwa chumba cha vidonda. Akaja kijana ana jipu kwenye mkunjo wa mkono, limevimba kama limao. Foleni ndefu, nimechoka, nikamwambia mwenzangu kwa sauti: "Anza na watu kwanza, huyo teja atasubiri." Alisikia. Nilipogeuka tena, benchi tupu. Jipu la sindano likiachwa, usaha unaweza kuingia kwenye damu, na damu ikishaoza ni siku chache tu. Hakurudi.

Siku hizi nipo kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa ya kumsaidia mtu aache unga, na pale tunawaita wateja. Herufi moja tu imebadilika.

Haya, tuje kwenye ubongo. Kila mmoja wetu kazaliwa na dawa yake ya maumivu kichwani. Inaitwa endorfini, na ubongoni ina viti vyake vya kukalia. Ndiyo inayomsaidia mama kuvumilia uchungu, ndiyo inayokufanya uumie mpirani usisikie mpaka mechi iishe. Heroini inakalia viti vile vile vya endorfini, ila inakuja kwa wingi wa kufuru. Sasa fikiria nyumba yenye kisima, halafu kila siku unaletewa maji kwa boza. Nani atahangaika kuchota? Kisima kinajaa mchanga. Siku boza lisipokuja, hakuna tone.

Siku hiyo ndiyo arosto, maumivu ya kukosa unga. Inaanza masaa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho: miayo, machozi, makamasi, vinyweleo vinasimama kama kuku aliyenyonyolewa, mifupa inauma, tumbo linaharisha. Siku ya pili na ya tatu ndiyo kali kabisa. Baada ya wiki hivi, mwili unatulia.

Na hapa ndipo wazazi wengi tunapodanganyika. Mama anamfungia mwanawe ndani siku 7, anamlisha uji, anamwona kanenepa mashavu, anasema Alhamdulillahi, kapona. Kilichopona ni arosto. Kumbukumbu bado.

Mwaka 1954, kule Montreal, watafiti wawili, James Olds na Peter Milner, walimtia panya waya mwembamba ndani ya ubongo. Panya akibonyeza kijiti anapata mshtuko mdogo wa umeme sehemu ile. Alibonyeza mamia ya mara kwa saa. Watu wakasema, aah, hapa ndipo raha inapokaa. Baadaye ikaja kuonekana kwamba kemikali inayofanya kazi kwenye njia hiyo, dopamini, inahusika zaidi na kutamani kuliko na raha yenyewe. Inaufundisha ubongo: kitu hiki, mahali hapa, kikumbuke, kifuate. Wateja wetu walishalisema hilo bila maabara. "Sista, raha niliacha kuisikia zamani. Navuta nisiumwe."

Nina mteja mmoja, mama wa makamo, hajagusa unga zaidi ya mwaka. Akipanda daladala na konda akaita jina la kituo alichokuwa akishukia enzi zile, anaanza kupiga miayo na macho yanamtoka maji. Arosto kamili, kwa sababu ya jina la kituo! Huwa anashuka kabla, anatembea.

Kwa hiyo mahali ni sehemu ya ugonjwa. Wamarekani walijifunza hili bila kutarajia. Mwaka 1971 askari wao walikuwa wanarudi kutoka Vietnam, ambako heroini ilikuwa rahisi kupatikana. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia, na karibu mmoja kati ya watano alisema alikuwa amenasa akiwa kule. Serikali ikashika kichwa. Lakini mwaka mmoja baada ya kurudi, kati ya kila 100 walionasa, ni kama 5 tu waliokuwa wamenasa tena. Zipo sababu zaidi ya moja. Mimi naishika hii: walitoka kule, wakaingia nyumbani.

Sasa kijana wetu anatoka soba, nyumba ya kuwasaidia walioacha unga, miezi sita safi. Nyumbani anakuta kikombe chake kimetengwa. Akiingia sebuleni, dada anavuta pochi. Harusi ya mdogo wake anaambiwa abaki alinde nyumba, halafu jirani anaombwa amlinde yeye. Mahali pekee ambapo hakuna anayemkazia macho ni maskani, kijiwe alichokuwa akivutia. Anarudi, anachukua kipimo chake cha zamani, na mwili wake umeshakisahau. Pumzi inapungua, inapungua, inakata. Wengi tunaowazika hawakuwa wamezidisha. Walikuwa wameacha, wakarudi.

Wala msidhani wasomi tumesalimika. Mwaka 2010 Marekani, wataalamu wa afya ya akili zaidi ya 500 walipewa maelezo ya mgonjwa mmoja. Wengine waliandikiwa kwa neno la kumlaumu, wengine wakaandikiwa kwamba ana ugonjwa. Waliosoma lile neno la lawama walielekea zaidi kuona anastahili adhabu. Nikakumbuka benchi langu.

Methadoni? Ilianza Muhimbili Februari 2011. Najua mnachosema mitaani, kwamba ni unga wa serikali. Ni kweli inakaa kwenye viti vile vile. Lakini inanywewa, inapanda taratibu, na inadumu zaidi ya saa 24. Boza limeondoka, limekuja bomba linalotiririka kidogo kidogo kutwa, mtu anapata nafasi ya kufukua kisima chake. Anakunywa dirishani mbele yetu, anaongea kidogo tuone amemeza, anakwenda kubeba zege. Wengine watakunywa miaka. Sawa tu.

Naam, mama, uliza.

(Mama mmoja: "Mwanangu ameuza mpaka sufuria. Nimfungulie tena?")

Pole, mama. Sufuria zifiche, pochi lala nayo, kabati litie kufuli. Hayo yote fanya, wala usione haya. Mlango wa kuingilia ndani ndio usiufunge. Na Jumatatu njoo naye asubuhi, mapema, kabla arosto haijampata. Usimtume peke yake. Njia ya kuja kwetu inapita maskani.