Moja Iko Wapi?

Mhadhara uliotolewa mjini Jinja, Uganda, mbele ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili

Walimu wangu, wanafunzi, na wazee mliokaa huko nyuma karibu na mlango, asanteni kwa kuja. Mwenyekiti amenitambulisha kuwa mtaalamu wa muziki. Amenikweza. Mimi nilikuwa na kibanda. Niliuza kaseti, baadaye sidii, mwisho nikawa najaza nyimbo kwenye flashi na simu za watu hapa hapa Jinja. Unakuja na flashi yako, unataja unachotaka, unalipa, unakwenda zako. Kama kuna ninachokijua, nimekijua kwa kuwaona watu wengi mno wakikunja uso.

Maneno niliyoyasikia kuliko yote pale kibandani ni haya: "Niwekee zile zile." Mpenzi wa kadongo kamu alitaka gitaa lake moja na kisa kirefu cha mume na mke. Mama wa msikitini alitaka kasida, na taarabu kidogo, lakini hiyo taarabu nisiitaje mbele za watu. Nami, kwa kuwa nilitaka kula, niliwawekea zile zile. Siku hizi simu imechukua kazi yangu, na inaifanya kwa adabu kunishinda, maana haikutazami usoni wakati inakuletea wimbo wa mia uliofanana na wa kwanza. Siilaumu. Hakuna muuzaji anayependa mteja wake apotee.

Mimi leo nimekuja kuusifu huo upotevu.

Nimekulia Walukuba. Anayepajua anajua kwamba viwanda vya Jinja vilileta watu kutoka kila upande: Waalur, Waacholi, Wasamia, Wajaluo wa Kenya, pamoja na Wasoga wenyewe. Kiswahili chetu kilikuwa cha uani. Sehemu nyingine za nchi hii Kiswahili kilipiga hodi kimevaa buti za jeshi, na wapo ambao mpaka leo wakisikia wimbo wa Kiswahili wanatupia jicho mlangoni kwanza. Kwetu ilikuwa lugha ya kuazimia chumvi. Basi Jumamosi jioni, ukisimama bombani, ulisikia adungu, vile vinubi vya Waalur, upande huu na redio ya Kongo upande ule. Mngedhani mtoto wa mahali hapo ana masikio mapana. Wapi! Mimi nilikuwa mtoto wa kwaya. Muziki kwangu ulikuwa kinanda cha kanisa, na yaliyobaki yalikuwa makelele ya majirani.

Kuna sababu moja watu huitoa, na ninaitupa upesi: "Sielewi lugha yao." Nchi hii imecheza Kilingala harusi hadi harusi, na waliokuwa wakielewa maneno walihesabika. Lugha haijamzuia mtu kucheza.

Kinachozuia nilikijua siku niliyopelekwa kwenye sherehe kijijini, huku huku Busoga, nikakutana na embaire. Ni marimba makubwa. Wanachimba shimo, wanalaza migomba pembeni, juu yake wanapanga magogo yaliyochongwa, na watu watano, sita au zaidi wanayapiga wakiwa wamekaa pande mbili. Lile shimo ndilo linaloikuza sauti. Mimi nilisikia mvua juu ya mabati. Nikajaribu kupiga makofi. Nikaachwa. Nikajaribu tena, nikaachwa tena. Mzee mmoja akaniuliza, "Wewe wa mjini, umepoteza nini?" Nikamwambia natafuta moja. Kwenye kwaya mwalimu huhesabu moja, mbili, tatu, nne, na moja ni ya kanisa zima. Yule mzee akacheka akasema, "Moja ya nani?"

Lile swali nililielewa miaka mingi baadaye, tena kwa amadinda, ambayo mnaiona hapa mbele: vibao kumi na viwili juu ya migomba miwili. Ni marimba ya Buganda, na yalikuwa na wapigaji wake katika jumba la Kabaka, mfalme wa Buganda, mpaka 1966, jumba liliposhambuliwa na wapigaji wakatawanyika. Amadinda hupigwa na watu watatu. Wa kwanza, omunazi, anapiga mfuatano wake kwa mwendo ulionyooka kama mtu anayetwanga. Wa pili, omwawuzi, anaketi kumkabili na kupiga wa kwake, kila pigo likiangukia katikati ya mapigo ya mwenzake. Sasa sikilizeni hapa. Kila mmoja wao huyahisi mapigo yake mwenyewe kuwa ndiyo mguu unaokanyaga chini, na ya mwenzake kuwa ndiyo mguu ulio hewani. Zipo moja mbili, na zote mbili ni za kweli. Kwa hiyo mgeni anayesikia kwamba moja haishikiki, sikio lake halijakosea. Amesikia sawasawa ila amejilaumu bure.

Kuna na la sauti zenyewe. Mtoto wa kinanda akisikia amadinda husema haijalinganishwa. Kinanda hugawa oktava, yaani ile safari ya kutoka sauti moja hadi sauti hiyo hiyo huko juu, sehemu kumi na mbili. Amadinda huigawa sehemu tano zinazokaribia kulingana. Fanyeni hesabu: ukitoka sauti ya chini kwenda ya juu kwa hatua tano sawa, hakuna hata kituo kimoja cha katikati kitakachokaa juu ya kitufe cha kinanda. Ni kama kulaumu debe kwa sababu halikujazwa kwa lita. Na msidhani kinanda ndicho maumbile. Mwaka 2016 watafiti walichapisha habari za Watsimane, watu wa misitu ya Bolivia, ambao waliposikilizishwa sauti zile ambazo Mzungu huziita tamu na zile anazoziita chungu, waliziona zote zinapendeza sawa. Waliweza kuzitofautisha vizuri tu, lakini kukunja uso hawakuwa wamefundishwa.

Mtu wa tatu wa amadinda ndiye ninayempenda. Anaitwa omukoonezi. Yeye ana vibao viwili tu, vile vya juu kabisa. Kazi yake ni kusikiliza: wenzake wanapopishana, sauti mbili za chini kabisa zinajitokeza hapa na pale, na hizo anazidaka na kuzirudia huku juu. Zikiungana zinafanya wimbo ambao hakuna kati ya wale wawili aliyeupiga. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria aliyejifunza amadinda kwa Evaristo Muyinda, mpigaji wa jumba la Kabaka, aliandika juu ya jambo hili. Nyimbo hizo, alisema, hujitokeza ndani ya sikio la msikilizaji, mikono inafanya mengine kabisa. Bigwala za hapa Busoga nazo zina undugu na hili: tarumbeta za vibuyu, kila moja na sauti yake moja, kwa hiyo peke yako huna wimbo. UNESCO iliziingiza mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na ili vijana wafundishwe ilibidi kwanza vibuyu vyenyewe vilimwe upya.

Msinielewe vibaya. Anayeniambia anapenda muziki wote wa dunia, huyo simwamini hata kidogo. Opera ya Ulaya imenishinda mpaka leo, na nimeijaribu kwa moyo. Pale kibandani niliwahi kukosea flashi. Kijana wa boda boda alitaka kadongo kamu, nikamjazia adungu za mteja mwingine. Akarudi baada ya wiki amekasirika, nimrudishie hela yake. Nikamrudishia. Nikaanza kufuta, akanishika mkono: "Huo wa tano uache." Kwa nini? Kwa sababu alimbeba abiria wa Nebbi, mama mtu mzima, na huyo mama akauimba wimbo mzima mgongoni kwake kutoka stendi mpaka Bugembe, akipiga makofi penye mahali ambapo yeye asingepadhania. Zile nyingine hakuzitaka kamwe. Wimbo mmoja, na aliuingilia kwa makofi ya mtu mwingine.

Basi nami siwaombi mpende chochote jioni hii. Vijana hawa wawili watapiga wimbo mmoja, taratibu. Upande wa dirishani mtapiga makofi na omunazi, msimwache. Upande wa ukutani mtamfuata omwawuzi. Mtasikia wenzenu wa upande wa pili wanawachelewesha, na wao watasema hivyo hivyo kuhusu ninyi. Msibishane. Wewe dada wa kitambaa cha njano, njoo ukae hapa kwenye vibao hivi viwili, usipige kitu mpaka usikie sauti za chini zinakuita. Hata ikichukua dakika kumi, tutangoja. Wazee wa mlangoni, ninyi mmeshalijua hili, mtatuonyesha kwa miguu.

Haya, dirishani, anzeni.